Jina la Kaburini

Bi Nobu hakutaka dawa wala uji. Alitaka jina. Tangu alipoteleza kwenye theluji akavunjika nyonga na kulazwa chumba cha nyuma, kila asubuhi mwanawe alipomletea maji ya moto alimtazama kichwani kwanza, akacheka kidogo, kisha akamuuliza swali lile lile: lile jina langu umelifuatilia?

Si kwamba alikuwa hana. Aliitwa Nobu tangu azaliwe na kijiji kizima kilimjua hivyo. Lakini Nobu ni jina la kuitiwa chakula. Mtu akifa, mtawa wa hekalu humpa jingine, la kaburini, linachongwa kwenye jiwe, na huko anakokwenda ndilo analojulikana kwalo. Mumewe alikuwa nalo, refu, la heshima zake. Watoto wao wawili waliofariki wachanga walikuwa nayo, mafupi mafupi. Wakwe zake, na wazazi wa wakwe zake, wote walilala nayo pale kilimani nyuma ya hekalu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda mikono mitupu.

"Nikifika nikasema mimi Nobu, nani atanijua huko?" alisema.

"Mama, hufi leo."

"Sijakuuliza nakufa lini. Nimekuuliza jina."

Mwanawe akaweka maji chini. Miaka michache nyuma angejibu vizuri sana. Wakati huo alikuwa Kakuzen, mtawa wa milimani kama baba yake na babu yake, wale watawa wanaooa na kulea familia, wanaowapandisha mahujaji Mlima Takamori huku wakipuliza makombe ya bahari. Mlimani pale Budha na miungu ya kale walikaa chini ya paa moja karne kwa karne, na ugomvi haukuwapo. Ugomvi uliletwa na serikali mpya. Ilimwangusha Shoguni, mtawala wa kijeshi, ikamrudisha Mfalme, ikatangaza kwamba Mfalme ni uzao wa miungu, na kwamba miungu haiwezi kukaa nyumba moja na Budha, mgeni wa kutoka ng'ambo. Sanamu zikatolewa nje. Nyingine zilipasuliwa kuni, na watu waliogea maji yaliyochemshwa kwa mikono ya watakatifu. Hekalu la kijiji likapigiliwa mbao. Watawa wa mlimani wakaambiwa wafuge nywele, wabadili majina na wawe makuhani wa miungu chini ya serikali, ama watoke kwenye nyumba zao, kwa kuwa nyumba ni za mlima na mlima sasa una mwenyewe. Kakuzen alikuwa na mama mzee na mke. Akafuga nywele. Akaitwa Iwao.

Nywele zenyewe hazikuwa na adabu. Kichwa kilichozoea wembe tangu ujana hakijui zielekee wapi. Mbele zilisimama, kisogoni zililala, na kofia nyeusi ya kikuhani ilimteleza mpaka kwenye nyusi. Bi Nobu alisema ni shamba lililopaliliwa na mlevi. Kijijini walisema zaidi ya hayo, ila wao walingoja apite kwanza.

Tsune, mkewe, hakuwa mtu wa mzaha. Maneno yake yalikuwa machache na yalikuwa na makali. Asubuhi ile alimkuta mumewe amechutama jikoni akichochea moto usiohitaji kuchochewa, akamwambia mama hajala tangu juzi, miguu imeanza kuvimba, na kama ana nia ya kwenda mjini kwa Enjun basi aende leo hii. Enjun ndiye aliyekuwa mtawa wa hekalu lile lililofungwa. Ndiye aliyempa baba yake Iwao jina la kaburini.

"Na mkaguzi akija?"

"Mkaguzi anakuja kesho. Mama sijui."

Mkaguzi huyo ndiye aliyekuwa akimnyima Iwao usingizi. Alitoka makao makuu ya mkoa, na alikuwa anakuja kumsikiliza akisoma dua mpya mbele ya miungu, dua iliyoandikwa na serikali, neno kwa neno. Akiisoma vizuri, atapewa hati ya ukuhani na nyumba itabaki yake. Akishindwa, kulikuwa na Chokai wa nyumba ya chini, naye alikuwa mtawa zamani, aliyeikariri dua ile mpaka mkewe akaijua.

*

Enjun alikuwa akiuza tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, karibu na soko la samaki. Alijifunga kitambaa kichwani, mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji ya moto, na duka lilinuka soya iliyochemka. Alipomwona mgeni wake aliita "Kakuzen!" kwa furaha ya kweli, halafu akatazama barabarani na kusema, kwa sauti ya chini zaidi, "Bwana Iwao. Karibu."

Iwao alimweleza. Enjun alisikiliza huku akikata tofu ndani ya beseni la maji, kisu kikipita taratibu, bila kuinua uso. Alipomaliza kukata aliuliza kama Bi Nobu bado ana meno yake ya mbele. Iwao akasema anayo. Enjun akasema ni mwanamke wa pekee, kila mwaka alikuwa akimletea figili za chumvi, na hakuna mwingine aliyejua kiasi cha chumvi.

"Basi mpe jina," Iwao alisema.

"Nimetia muhuri mbele ya karani kwamba mimi si mtawa. Nina mke sasa, mjamzito. Wakisikia nimetoa jina, hapa pamefungwa."

"Watasikiaje? Ninong'oneze tu. Nitamfikishia."

"Halafu lichongwe wapi? Kuhani wa serikali amchongee mama yake jina la Budha?" Enjun aliona uso wa mwenzake ukishuka, akaacha kisu. "Sikunyimi, ndugu yangu. Sina. Zamani nilikuwa nakaa, nasoma, namfikiria marehemu, na jina linakuja lenyewe. Mwaka jana mke wangu alifiwa na baba yake. Nikajifungia stoo nikajaribu, kwa siri. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Halikuja."

Mwanamke mmoja mwenye kikapu aliingia na kuagiza vipande viwili, akataka vile vilivyosomewa, maana alisikia tofu ya mtawa haina dhambi. Enjun alicheka kicheko cha mfanyabiashara, akamfungia, akamshukuru kwa kuinama mara mbili. Iwao alitazama pembeni. Alikumbuka mtu huyuhuyu akiingia nyumba ya msiba na watu wazima wakigusa sakafu kwa vipaji vya nyuso.

Mteja alipoondoka Enjun alimwambia kwamba visomo anavijua mwenyewe, amtungie mama yake. Iwao akasema haiwezekani. Mama yake hakutaka neno la kutungiwa na mtoto. Alitaka la hekaluni, kama la mumewe, kutoka kwa mtu mwenye haki ya kulitoa. Enjun akaitikia kwa kichwa. Alijua hivyo ndivyo ilivyo. Akafungasha tofu kwenye majani, akakataa malipo, akasisitiza iliwe leo leo.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na ya kupanda. Iwao alitembea na kile kifurushi kinachodondosha maji, na kila alipopishana na mtu alijiona mpumbavu. Alikwenda kutafuta jina la mama yake, anarudi na mboga.

*

Mkaguzi alikuwa amewasili siku moja kabla ya siku aliyotarajiwa. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimepangwa mlangoni, vya kizungu, vinang'aa, na Tsune alikuwa amevisogeza mbali na maji ya paa. Ndani alikaa kijana mwembamba, Bwana Sakakibara, mstaarabu mpaka anachosha, pamoja na Mzee Moemon, mkuu wa kijiji, aliyekuwa akitoa jasho ingawa kulikuwa na baridi.

Nyuma ya ukuta wa karatasi Bi Nobu alikuwa akilitaja jina la Budha. Hakupiga kelele. Alilitaja tu, mara kwa mara, kama mtu anayechambua mchele. Wanaume watatu walikunywa chai wakijifanya hawasikii. Mwishowe mkaguzi akaweka kikombe chini, akauliza kama mgonjwa ana hali mbaya.

"Ni mzee," Iwao alisema.

Mkaguzi alisikitika, na alisikitika kweli, alikuwa na mama pia. Lakini ilimbidi akumbushe. Kifo ni najisi mbele ya miungu. Kuhani aliyefiwa na mzazi hasogelei madhabahu siku hamsini. Sherehe ya kusoma dua ilikuwa imepangwa siku moja mkoa mzima, haiahirishwi. Mzee Moemon, bila kumtazama Iwao, akasema Bwana Chokai yupo na ana utayari, ila kijiji kingependa Bwana Iwao, kwa heshima ya marehemu baba yake. Kisha akakohoa na kutaja kanuni ya kale. Msiba hauhesabiwi tangu mtu afe. Unahesabiwa tangu mhusika aambiwe. Asiyeambiwa ni safi.

"Ndivyo ilivyo," mkaguzi alisema, na ilionekana amepumua.

Basi wakapanga, kwa upole kabisa. Moemon alikuwa na kibanda cha mkaa ng'ambo ya kijito, nje ya mpaka wa mlima. Kikavu, kina joto. Mama angehamishiwa huko. Mke angekwenda kumwangalia, wala asirudi, maana anayetoka kwa mgonjwa mahututi hapiki chakula cha kuhani anayejitakasa. Iwao angekula kwa moto wa peke yake na kulala peke yake. Na likitokea la kutokea, hakuna mtu kijijini atakayemwambia mpaka dua iishe. Moemon angewapitia watu nyumba kwa nyumba.

Tsune alikuwa amepiga magoti na sinia la tofu mlangoni. "Na mama ataambiwa nini?" aliuliza.

 Iwao alilipokea sinia, akaliweka mbele ya wageni.

*

Alimbeba mwenyewe mgongoni. Mama alikuwa hana uzito, jambo lililomtia hofu kuliko miguu iliyovimba. Tsune alitangulia na godoro na birika.

"Wewe nilikubeba njia hii hii," Bi Nobu alisema sikioni mwake. "Ulikuwa mzito. Na ulikuwa na gesi."

"Mama."

"Si ni kweli? Tunakwenda wapi?"

"Kibandani kwa Moemon. Kuna joto kuliko nyumbani."

 Bi Nobu hakuwa mjinga, alikuwa mke wa mtawa, mama wa mtawa, na alizijua najisi zote kabla mkaguzi hajazaliwa. "Yule kijana amekereka nilivyokuwa namtaja Budha?"

"Hapana. Ni mambo ya usafi tu. Ya sherehe."

"Aa," alisema. "Mimi ndiye uchafu." Hakulalamika, alisema tu, kama anayeambiwa leo ni zamu yake ya kuteka maji. Wakavuka daraja la magogo. Kisha akauliza, "Mtu wa tofu alisemaje?"

Hapo Iwao angeweza kusema kweli. Baadaye alilirudia lile daraja akilini mara nyingi, kila gogo, akitafuta mahali ambapo kweli ingeweza kutoka. Lakini mikono ya mama ilikuwa imemzunguka shingo, na mtu unayemhamisha nyumbani kwake ili asikufie ndani unamwambiaje na jina hakuna?

"Anasema linakuja," alisema.

"Lini?"

"Anatulia alipate zuri. Linakuja, mama."

Bi Nobu alifurahi. Alifurahi hata mwili wake ukalegea mgongoni mwa mwanawe. Akampapasa zile nywele za ovyo, akasema Enjun alikuwa mwepesi wa kula lakini kwa majina hana mpinzani, la baba yako si unaliona lilivyo. Iwao akaitikia ndiyo. Maisha yake yote hakuwahi kujua kudanganya, na uongo huu ulimtoka laini kuliko dua aliyoikariri majira mazima. Alijichukia tangu pale.

Kibandani alimlaza, akamfunika, akamwekea tofu karibu. Mama akala kijiko kimoja, akasema ni nzuri, haina uchungu. Halafu akamfukuza: nenda kaoge, kesho usinitie aibu.

*

Siku ya sherehe alioga maji ya kijito mpaka meno yakagongana. Alijipikia wali kwenye moto wake wa peke yake, akashindwa kuula. Akavaa joho jeupe, akaifunga kofia kwa uzi kidevuni isiteleze, akatoka.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa seremala Hanji, ambaye siku zote akimwona lazima amtanie kuhusu nywele. Hanji alisimama, akainama, akageukia ukuta wa jirani na kuanza kuukagua kama anataka kuununua. Iwao akapita. Mbele kidogo wanawake wawili waliokuwa kisimani waliacha ndoo na kuingia ndani. Mtoto mmoja alimkimbilia akiita. Mama yake alimdaka kwa ukosi wa nguo, akamziba mdomo kwa kiganja, akamwinamia Iwao mpaka chini, kiganja bado kikiwa mdomoni mwa mtoto.

Alielewa hapo hapo. Akashika uzio. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Hanji alijua, watoto walijua, na pengine mkaguzi alijua akinywa chai yake. Yeye tu, mtoto wa pekee wa Bi Nobu aliyebaki, ndiye aliyetakiwa kutojua, na wote walikuwa wakimsaidia kwa bidii, kwa upendo wao, kila mmoja akimgeuzia mgongo. Alitamani mtu mmoja tu amtukane. Hakuna aliyemtukana. Barabara ilijisafisha mbele yake mlango kwa mlango, na alipanda mlima akisikia nguo zake mwenyewe zikichakarika.

Lakini kujua kwa namna ile, kwa kanuni, si kujua. Hakuna aliyesema. Aliendelea kupanda.

Kwenye ngazi za jumba la miungu watu walikuwa wamepangwa pande mbili, macho chini. Chokai alikuwa nyuma ya mkaguzi, amevaa joho tayari, kofia mkononi, midomo ikimchezacheza kwa ile dua. Na chini ya mwerezi mkubwa, mahali ambapo mpita ngazi hawezi kukosa kumwona, alisimama Tsune.

Hakutakiwa kuwa pale. Nywele zake zilikuwa hazijafungwa, na mkono mmoja ulikuwa mweusi kwa mkaa. Wengine wote walitazama ardhi; yeye alimtazama mumewe usoni. Hakuashiria chochote, hakulia. Alisimama tu akingoja. Watu walianza kusogea mbali naye kidogo kidogo, akabaki katikati ya uwazi peke yake.

Iwao alisimama kwenye ngazi ya chini. Neno moja lilitosha. Amefariki? Angeuliza na angejibiwa, hilo aliliona wazi machoni pake. Na likishajibiwa, kofia ya Chokai ingepanda kichwani, wao wangefungasha vyungu, na angekwenda kibandani kuketi na mama yake kabla hajapoa. Mzee Moemon alikohoa. Mkaguzi aliinua karatasi yake ya kufuatishia.

Akamwinamia mkewe, kama wanavyoinamiana wasiojuana, akapanda.

Aliisoma ile dua bila kosa. Miezi yote alikuwa akiogopa kwamba ulimi ungemponyoka katikati na kurudi kwenye visomo vya zamani, lakini haukumponyoka. Majina ya miungu yalifuatana, jina la Mfalme likaja mahali pake, taifa likaombewa, mavuno yakaombewa, majeshi yakaombewa. Sauti yake ilikuwa nzuri. Miaka thelathini ya kusoma haikupotea bure. Bwana Sakakibara alifuatisha kwa kidole mstari kwa mstari, na mwishoni akaikunja karatasi kwa utaratibu, ameridhika.

*

Aliambiwa alipokwisha kupokea hati. Mzee Moemon alipiga magoti kwenye kokoto na kutamka kwa lugha ya heshima kwamba kwa masikitiko makubwa mama mzazi wa Kuhani Iwao ametangulia. Iwao akapiga magoti vilevile, akashukuru kwa kuarifiwa. Papo hapo watu wakarudiwa na sauti. Hanji akamshika bega huku machozi yakimtoka. Wanawake wakasema alikuwa mama wa wote. Mkaguzi alitoa pole, akasema mkoa hautasahau moyo wake wa kujitolea, kisha akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba mazishi bila shaka yatakuwa ya kikuhani, kwenye uwanja mpya chini ya mierezi, kwa jina la kuzaliwa. Ukuhani ulikuwa wa Iwao. Kwa siku hamsini za najisi Chokai angemshikia zamu.

Wakamzika hivyo. Nguzo ya mbao, maandishi ya Moemon: Nobu, mama wa Kuhani Iwao. Uwanja ulikuwa mpya kweli, haukuwa na mtu mwingine yeyote ndani yake.

Waliporudi nyumbani Tsune alikwenda moja kwa moja jikoni kusugua sufuria. Iwao alisimama mlangoni. Aliuliza ilikuwaje, na mkewe akamweleza huku mgongo umemwelekea. Mama alikwenda alfajiri, bila taabu. Kabla ya hapo alikuwa na fahamu zake zote. Kila aliposikia hatua za mtu njiani aliuliza kama mtu wa tofu amefika.

"Nikamwambia bado, mama. Akasema basi usifunge mlango, ana mikono miwili kwenye mzigo, atashindwa kufungua. Baridi yote ile, nikauacha wazi." Alimimina maji machafu, akachota mengine. "Ulimwambia linakuja?"

"Nilimwambia."

Tsune alisugua kwa muda.

"Nilisimama pale mwerezini uniulize," alisema. "Nilitoka mbio kwa ajili hiyo. Ungeuliza, ningejibu."

"Nyumba ingekwenda."

"Ingekwenda," alisema Tsune, akaiweka sufuria juu ya moto.

  Iwao alivua joho, akalikunja, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa alikuwa najisi, hivyo alikuwa huru kwenda makaburini; hakuna ambaye angemlaumu. Hekalu lilikuwa limepigiliwa mbao na magugu yamefika dirishani. Mawe kadhaa nyuma yake yalikuwa yamesukumwa chini na vijana katika siku zile za fujo, lakini la baba yake lilisimama, na lile jina refu lilisomeka vizuri. Pembeni yake palikuwa na nafasi, imeachwa makusudi, upana wa mtu mmoja. Nyasi ziliota pale.

Akainua mikono kusali, ikabaki hewani. Kuunganisha viganja kimya, kwa desturi ya Budha, alikatazwa na serikali. Kupiga makofi ya kikuhani mbele ya jiwe la Budha ingekuwa tusi kwa baba. Akaishusha. Akachutama mbele ya jiwe kama anavyochutama mtu aliyekuja kuomba kitu kwa jirani asiyemzoea.

"Baba," alisema. "Mama amekuja huko leo. Hatukumleta hapa, yuko chini ya mierezi, peke yake. Nilimdanganya. Nilimwambia jina linakuja, akalingoja mpaka mwisho, na mimi nilikuwa najua halipo." Aling'oa jani la nyasi. "Atasema yeye ni Nobu. Watamwambia hawamjui. Baba, wewe unamjua. Mpokee."